Aliyezinduka Alikuwa Amekufa Kweli?

Simulizi za mtu aliyekata roho kisha akazinduka si ngeni vijijini Ngara na Biharamulo, kaskazini magharibi mwa Tanzania. Mgonjwa hajitambui tangu jana, mikono imepoa, majirani wameshaanza kuangua kilio, mara anafumbua macho. Akipata nguvu anaeleza alivyowakuta babu zake waliotangulia wakamwambia arudi, siku zake bado. Katika ukanda huu habari hiyo haimshangazi kila mtu. Tambiko la kubandwa, lililoenea kutoka Bunyoro hadi Burundi, lina mizimu inayosema kwa kinywa cha walio hai. Imani hiyo, kama ilivyo ya kanisani au msikitini, haipimwi maabara. Kinachopimika ni dai jingine: kwamba sayansi imeshathibitisha fahamu huendelea baada ya kifo.

Daktari akisikia simulizi ya namna hii huuliza kwanza: nani alihakikisha kuwa mtu amekufa, na kwa kipimo gani? Malaria kali inaweza kumzimisha mtu kabisa, na mara nyingi sukari ya damu hushuka nayo. Kwinini, iliyotumika miaka mingi kutibu malaria kali, nayo huweza kuishusha. Mgonjwa wa hivyo akifikishwa hospitali ya Murgwanza, ya Rulenge au ya Biharamulo mjini, muuguzi humtoboa kidole na kuweka tone la damu kwenye kipimo. Kikisoma chini ya milimoli 2.2 kwa lita, anaingiziwa glukozi kwenye mshipa. Kama tatizo lilikuwa sukari, huenda baada ya dakika chache kope zikacheza, akaguna, akaomba maji. Nyumbani wangesema amefufuka. Kitabibu, moyo wake haukusimama hata mara moja.

Wako pia ambao moyo wao ulisimama kweli. Mwaka 2001 daktari Pim van Lommel na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet uchunguzi wa wagonjwa 344 wa Uholanzi waliorejeshwa baada ya moyo kusimama. Wagonjwa 62, yaani asilimia 18, walikumbuka mambo kama mwanga, utulivu au kukutana na marehemu. Sina sababu ya kuwaita waongo. Lakini kumbukumbu haina saa. Ubongo huzimika sekunde chache baada ya damu kukatika, kisha huamka polepole damu inaporudi. Ndoto iliyootwa wakati wa kuzimika au kuamka inaweza kusimuliwa kwa unyoofu kabisa kana kwamba ilitokea katikati, moyo ukiwa umesimama.

Ndiyo maana daktari Sam Parnia alitega mtego mzuri. Katika hospitali 15 za Uingereza, Marekani na Austria, ziliwekwa rafu karibu na dari, zikiwa na picha inayoonekana tu na anayetazama kutoka juu. Aliyeelea juu ya kitanda chake angeitaja. Matokeo yalitoka mwaka 2014: moyo ulisimama mara 2,060, wagonjwa 330 wakapona, 140 wakahojiwa. Mtu mmoja alieleza vizuri yaliyotokea chumbani, lakini chumba chake hakikuwa na rafu. Mwaka 2023 uchunguzi wa pili ulichapishwa. Wagonjwa 28 walihojiwa, na hakuna hata mmoja aliyeitambua picha.

Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliripoti kuhusu wagonjwa wanne waliokuwa wakikata roho. Kwa wawili, umeme wa ubongo uliongezeka ghafla baada ya mashine ya kupumulia kuondolewa. Hatujui waliona nini, kwa kuwa hawakurudi kusimulia. Walau tunajua kwamba ubongo unaokufa unaweza kuwa na shughuli nyingi. Tena maono hufuata mazingira: India, baadhi ya waliozinduka walieleza kupelekwa mbele ya mwenye kitabu cha majina, akagundua kuwa ameletewa mtu asiye yeye.

Kutilia shaka si kusema hakuna ahera. Ni kusema kwamba anayetumia jina la sayansi afuate masharti yake: jaribio lipangwe kabla, saa ijulikane, na jibu lisiweze kukisiwa. Hadi leo hakuna dai lililovuka masharti hayo. Kwa familia ya Ngara au Biharamulo, shaka hii ina faida ya papo hapo: asiyeamka aitiwe usafiri kwanza, na kifo chake kitangazwe na mwenye vipimo.