Mapato, makadirio na ritani: istilahi za kodi kwa kijana anayeanza

Kijana anayefungua duka Kimwani, kusini mwa Wilaya ya Muleba mkoani Kagera, au anayepata ajira yake ya kwanza mjini Bukoba, hufika mbele ya ofisa wa kodi akiwa tayari anayajua maneno atakayoulizwa. Kodi, ushuru, mapato na marejesho ni maneno aliyoyasikia tangu utotoni. Ugumu hutokea kwa sababu kila neno kati ya hayo lina maana finyu zaidi katika sheria kuliko ile ya sokoni na nyumbani. Anayejibu swali la sheria kwa maana ya sokoni anaweza kulipa zaidi ya anachodaiwa, au kutoa taarifa isiyo sahihi bila kukusudia.

Makala haya yanaeleza maneno hayo kwa matumizi ya Tanzania Bara, pamoja na tofauti chache za Kenya ambazo mfasiri anapaswa kuzifahamu. (Kimwani inayotajwa hapa ni eneo la Kagera, isichanganywe na Kimwani, lugha ya pwani ya kaskazini mwa Msumbiji.) Viwango vya kodi vilivyomo ni vya mwaka wa fedha 2022/23 na vimewekwa kwa ajili ya mifano. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na huweza kuvibadilisha, hivyo anayetaka kulipa aangalie jedwali la mwaka wake.

1. Kodi, ushuru, tozo na ada

Katika Tanzania, "kodi" ni neno la jumla kwa malipo ya lazima yanayodaiwa na serikali kwa mujibu wa sheria, bila mlipaji kupewa huduma mahususi papo hapo. Ndiyo maana husemwa "kodi ya mapato" na "kodi ya ongezeko la thamani". Mkusanyaji mkuu ni Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 1996.

"Ushuru" limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya kumi, lenye mzizi mmoja na "ashara". Tanzania hulitumia zaidi kwa malipo yanayofuata bidhaa: ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, ushuru wa mazao. Mkulima wa kahawa Kagera hulijua neno hili kupitia ushuru wa mazao, ambao hukusanywa na halmashauri ya wilaya na si TRA. Mwaka 2017 kiwango chake kilipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara.

"Tozo" limetokana na kitenzi "toza", yaani kumfanya mtu atoe. Neno hili lilienea sana kuanzia Julai 2021, serikali ilipoanza kutoza miamala ya fedha kwa simu. "Ada" ni malipo ya huduma au kibali kinachojulikana: ada ya leseni, ada ya shule.

Tofauti hizi zina athari. Kijana aliyelipa ushuru wa soko na ada ya leseni katika Halmashauri ya Wilaya ya Muleba hajalipa kodi ya mapato, hata kama stakabadhi zake zimejaa mfuko. Kinyume chake pia ni kweli: kulipa TRA hakumwondolei wajibu wake kwa halmashauri.

Kwa mfasiri, hadhari ni mbili. Kwanza, Kenya hutumia "ushuru" kwa dhana ya jumla, na "kodi" mara nyingi humaanisha pango la nyumba. "Ushuru wa mapato" wa gazeti la Nairobi ni "kodi ya mapato" ya Tanzania. Pili, hata Tanzania "kodi ya nyumba" ni neno lenye historia. Mwaka 1897 utawala wa Wajerumani ulitangaza kodi iliyotozwa kwa kila nyumba, na katika maandishi ya wakati huo "kodi ya nyumba" ni malipo kwa serikali. Leo ni malipo kwa mwenye nyumba. Malipo kwa serikali kwa sababu ya kumiliki jengo huitwa "kodi ya majengo".

2. Mapato, mauzo na faida

Hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea. "Mapato" limeundwa kutokana na kitenzi "pata", na kwa maana hiyo linaweza kubeba chochote kinachopatikana. Katika jina "Mamlaka ya Mapato" humaanisha fedha za serikali. Katika "Sheria ya Kodi ya Mapato" (Sura ya 332) humaanisha kile mtu anachopata kwa ajira, biashara au uwekezaji. Muuza dagaa akisema "mapato ya leo", huenda anataja fedha zote zilizoingia, au zile zilizobaki baada ya kumlipa mvuvi na mwenye gari.

Ofisini dhana hizi hutenganishwa. "Mauzo ghafi" ni jumla ya fedha zote za mauzo kabla ya kutoa gharama yoyote. "Gharama" ni matumizi yaliyofanywa ili biashara iendelee. "Faida" ni kinachobaki.

Sheria imeweka utaratibu maalumu kwa mfanyabiashara mdogo ambaye si kampuni na ambaye mauzo yake ghafi hayazidi shilingi 100,000,000 kwa mwaka, isipokuwa kwa kazi chache zilizotengwa. Kodi yake hukokotolewa kwa mauzo ghafi, si kwa faida. Asiyezidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi hiyo. Mwenye mauzo kati ya 4,000,000 na 7,000,000 hulipa shilingi 100,000 kama hana kumbukumbu. Akiwa na kumbukumbu, hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi 4,000,000.

Tuchukue muuza duka ambaye mauzo yake kwa mwaka ni shilingi 6,000,000 na faida yake ni 1,500,000. Akiulizwa mapato yake akajibu "milioni moja na nusu", ametaja faida mahali palipotakiwa mauzo. Kwa jibu hilo ataonekana hadaiwi chochote, lakini taarifa yake si sahihi, na hesabu ikichunguzwa baadaye atadaiwa kodi pamoja na adhabu. Akitaja mauzo lakini hana maandishi, atalipa 100,000. Akitaja mauzo na kuonyesha kumbukumbu, atalipa asilimia 3 ya 2,000,000, yaani shilingi 60,000. Shilingi 40,000 zimeokolewa na daftari.

Neno "kumbukumbu" nalo lifafanuliwe. Katika lugha ya kila siku ni yale yaliyomo akilini. Katika kodi ni maandishi: daftari la mauzo, risiti za manunuzi, hati za malipo. Kwa maana hiyo kukumbuka mauzo yote kichwani si "kuweka kumbukumbu".

- Lieleweke: "Taja mauzo ghafi ya mwaka mzima."
- Lina utata: "Taja mapato yako ya mwaka."

3. Kukadiria, kukadiriwa, kujikadiria

Kitenzi "kadiri" au "kadiria" humaanisha kupima kwa kukisia kwa kutumia vigezo. Nomino yake ni "makadirio", ya ngeli ya YA-YA. Katika mazungumzo ya mtaani neno hili karibu daima huja katika kauli ya kutendwa: "nimekadiriwa laki moja". Sarufi hiyo inamweka mfanyabiashara mahali pa kupokea uamuzi, kana kwamba hana sehemu katika hesabu yenyewe.

Sheria inatambua pande mbili. Mfanyabiashara hutoa makadirio yake mwanzoni mwa mwaka, yaani hujikadiria. Ofisa huyapitia na anaweza kutoa makadirio tofauti, na hapo ndipo mlipakodi hukadiriwa. Kiasi kilichokadiriwa hugawanywa katika awamu nne. Kwa anayefuata mwaka wa kalenda, awamu hizo huishia 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba.

Asiyekubaliana na makadirio aliyopewa ana "haki ya pingamizi". Pingamizi ni maandishi rasmi yenye sababu, na huwasilishwa ndani ya siku 30 tangu kupokea taarifa ya makadirio. Ili lipokelewe, mlipakodi hutakiwa kulipa theluthi moja ya kodi aliyokadiriwa au kiasi ambacho hakibishaniwi, kile kilicho kikubwa zaidi. Kwa hiyo "kulalamika" na "kuweka pingamizi" si visawe: lalamiko la mdomo kwenye kaunta halisimamishi siku kuhesabiwa.

- Mfano: "Alijikadiria kwa kutumia daftari lake, kisha akakadiriwa kiasi kikubwa zaidi, aliweka pingamizi siku ya ishirini."

4. Ritani na marejesho

"Ritani" ni taarifa ambayo mlipakodi huiandaa na kuiwasilisha ikionyesha kipato chake, gharama na kodi anayodaiwa kwa mwaka uliokwisha. Ni neno la kukopwa, la ngeli ya I-ZI, na ndilo linalotumiwa na TRA. Kitenzi chake ni "kuwasilisha". Ritani huwasilishwa, kodi hulipwa. Mtu anaweza kufanya moja na kuacha lingine, na kila kosa lina adhabu yake.

Baadhi ya waandishi huliepuka neno hili la kukopwa na kuandika "marejesho ya kodi". Nia ni njema, lakini neno lina kazi nyingine mbili. Kwa mwanachama wa kikundi cha kuweka na kukopa, "marejesho" ni fedha anazorudisha kila wiki au mwezi. Kwa msomaji wa kawaida, "marejesho ya kodi" ni fedha ambazo serikali inamrudishia mtu aliyelipa zaidi, na sheria yenyewe ina utaratibu huo. Kijana anayesoma tangazo lisemalo "mwisho wa marejesho ya kodi ni 30 Juni" anaweza kuelewa kwamba baada ya tarehe hiyo hatadai tena fedha zake, au kwamba tangazo halimhusu. Inafaa "ritani" ibaki kwa taarifa, na "marejesho" yabaki kwa fedha zinazorudishwa.

Hadhari hii imepata uzito zaidi tangu mwaka 2021, marekebisho ya sheria yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za Tanzania. Neno lenye maana mbili katika tangazo humchanganya msomaji. Katika sheria huweza kuzaa kesi.

5. Kukatwa na kuzuiwa

Mwajiriwa hukutana na kodi kwa kauli nyingine ya kutendwa: "hukatwa". Utaratibu huu hujulikana kwa jina la "Lipa Kadri Unavyopata". Mwajiri hukata kodi katika mshahara wa kila mwezi na kuipeleka TRA. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi, na kiasi kinachofuata hadi 520,000 hutozwa asilimia 8. Mwenye mshahara unaotozwa kodi wa shilingi 500,000 hukatwa asilimia 8 ya 230,000, yaani shilingi 18,400.

Je, mwajiriwa huyo awasilishe ritani? Tanzania, mkazi ambaye kipato chake chote ni mshahara kutoka kwa mwajiri mmoja aliyemkata kodi halazimiki, isipokuwa atakapotakiwa na Kamishna. Mwalimu mwenye duka la pembeni hayumo katika nafuu hiyo. Kenya hali ni tofauti: mwajiriwa huwasilisha ritani kila mwaka kufikia 30 Juni hata kama alikatwa kodi yote. Maelekezo ya Kenya yaliyotafsiriwa bila kutaja nchi humpotosha msomaji wa Bukoba.

"Kodi ya zuio" ni kodi ambayo anayelipa fedha huizuia kabla ya kumkabidhi anayelipwa. Kijana aliyepanga chumba cha biashara kwa shilingi 1,200,000 kwa mwaka anapaswa kuzuia asilimia 10, yaani 120,000, aipeleke TRA, na kumpa mwenye nyumba 1,080,000. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji ni mpelekaji tu. Akimlipa mwenye nyumba fedha zote kisha akadaiwa zuio, atakuwa amebeba mzigo wa mtu mwingine.

6. Mwaka upi?

"Mwaka wa fedha" wa serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni. "Mwaka wa mapato" wa mlipakodi, kwa kawaida, ni Januari hadi Desemba. Ritani ya mwaka wa mapato huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka huo kuisha. Hivyo tarehe 30 Juni ina kazi mbili zisizohusiana: ni mwisho wa mwaka wa serikali, na ni mwisho wa kuwasilisha ritani ya mwaka uliotangulia.

Muhtasari wa matumizi

- Kodi hulipwa, hutozwa, hukatwa au huzuiwa. Haiwasilishwi kama taarifa.
- Ritani huwasilishwa. Tumia "marejesho" kwa fedha zinazorudishwa pekee.
- Badala ya "mapato" pekee, andika "mauzo ghafi", "faida" au "mshahara" inapowezekana.
- "Kujikadiria" ni tendo la mlipakodi. "Kukadiriwa" ni uamuzi wa ofisa.
- Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi (TIN) hutolewa bila malipo. Usiandike "kununua TIN".
- Ukitafsiri maelekezo ya kodi, taja nchi na mwaka katika sentensi ya kwanza.