Taa za mchana zikatwe?



Juma lililopita nilikuwa Morogoro, nimekaa kwenye benchi la gereji moja karibu na Msamvu, nikisubiri tairi langu lizibwe pancha. Akaingia dereva wa lori, kijana wa miaka thelathini hivi, akamwita fundi wa umeme.

"Fundi, nikatie hizi taa za mbele. Nikiwasha injini tu, nazo zinawaka zenyewe, jua lote hili! Njia nzima watu wananipigia kelele, taa, taa! Betri yangu itakwisha."

Fundi alikwisha shika koleo. Nikasema, "Mwanangu, kabla hujakata, tuzungumze." Akacheka. "Haya mzee, sema." Nikamweleza haya ninayowaeleza ninyi leo.

Kwetu sisi, gari likiwasha taa mchana, ama ni msafara wa mkubwa, ama ni msiba, ama dereva amesahau. Lakini malori mengi ya siku hizi yameundwa hivyo kwa makusudi. Sweden, nchi ya Scania na Volvo, iliamuru tangu mwaka 1977 kwamba magari yatembee na taa hata mchana. Umoja wa Ulaya nao ukaagiza taa hizo ziwekwe kwenye magari madogo mapya kuanzia 2011, na kwenye malori na mabasi mapya kuanzia 2012. Kazi yake si kumwonyesha dereva njia. Ni kuwafanya wengine walione gari lake.

Tuanze na betri. Injini ikiunguruma, taa hulishwa na altaneta. Ukizima injini, nazo huzimika. Kwa baadhi ya magari hata ukivuta breki ya mkono huzimika. Taa za mchana za kisasa hula wati chache tu, ilhali balbu moja ya taa kubwa ya lori hula wati 70 hivi. Betri ikifa, usiisingizie taa hiyo. Angalia altaneta, angalia mkanda wake, au kubali kuwa betri yenyewe imezeeka. Isitoshe, waya ukikatwa ovyo ukagusa bodi, fyuzi huungua, na huenda fyuzi hiyo ikaondoka na taa nyingine.

Sasa twende barabarani. Ile njia ya Iringa inayopita Mikumi, sehemu kubwa ni ya kupishana: mmoja anakwenda, mmoja anarudi. Anayetaka kulipita lori huchungulia kwanza. Gari lenye rangi ya vumbi, likija kwenye kivuli cha miti au kwenye mvuke wa lami, huonekana limekwisha karibia. Lenye taa humwambia mapema: nakuja, rudi nyuma. Sekunde mbili hizo ni uhai wa mtu.

Lakini kuna jambo ambalo madereva wengi hawalijui. Katika malori mengi, taa za mchana huwaka mbele tu. Nyuma ni giza. Panda Mgeta kuchukua kabichi, au zunguka upande wa Matombo, ambako mawingu ya Bahari ya Hindi hugonga milima ya Uluguru. Ukungu unaweza kukufunika saa nane mchana. Dereva anaona mwanga mbele yake, anadhani kila taa inawaka. Anayemfuata haoni kitu, mpaka akute bodi la lori usoni.

Kwa hiyo makosa ni mawili: kuzikata taa hizo, na kuzitegemea mno. Ukungu ukishuka, mvua ikinyesha au jua likizama, washa mwenyewe taa kubwa, na za nyuma zitawaka pamoja nazo. Ziinamishe, katika ukungu, taa za full hukurudishia mwanga machoni.

Fundi akaweka koleo chini. Kijana bado alikuwa na neno: "Sasa mzee, na wale wanaonipigia kelele?"

Nikamwambia, "Waache. Anayekupigia kelele amekuona."

Kwa leo ni hayo, ndugu msikilizaji. Tukutane juma lijalo.