Anko Wangu Hakuwa Mnono: Vile Mafuta na Askari wa Mwili Hushirikiana Kuua Moyo

Anko wangu alikuwa dere wa mat, miaka 47, mwembamba kama mlingoti wa stima. Asubuhi moja akiwa steji alisema kifua inambana. Akadhani ni asidi, akatuma makanga amletee dawa ya tumbo, akapiga trip mbili zaidi. Saa sita tukapigiwa simu. Kwa matanga kila mtu alikuwa na maelezo yake: amerogwa, ni stress, ni madeni ya gari. Shosho ndiye alisema kitu ilinishika: "Lakini huyu mtoto wangu hakuwa hata mnono."

Mimi niliacha koleji mwaka wa pili, so usinisome kama daktari. Lakini hiyo swali ya shosho imenifanya nisome sana, na story yenye watu huambiana mtaani ni nusu tu.

Story ya mtaa ni hii: unakula mutura na chipo, mafuta inashika kwa mshipa kama ile ya sinki, siku moja inaziba. Wapi. Hiyo takataka haishiki juu ya mshipa, inajificha ndani ya ukuta wake. Na wenye wanasaidia kuijenga ni askari wa mwili wako mwenyewe.

Anza na kolesteroli. Si sumu. Maini yako inaitengeneza kila siku, ju bila hiyo huwezi jenga seli wala homoni kama testosteroni. Lakini mafuta na damu hazichanganyiki, kwa hivyo inasafirishwa imefungwa ndani ya vifurushi vidogo. Vile vinaitwa LDL ndio noma. Vikizidi kwa damu, vingine vinapenya ukuta wa mshipa na kukwama huko, hasa pale mishipa inagawanyika, ama pale ukuta umeshachokozwa na presha, sukari ama fegi. Vikikaa sana vinaharibika.

Sasa ukuta unapiga nduru. Seli zake za juu zinatoa kitu kama gundi, na askari wenye wanapita kwa damu, monosaiti, wananaswa na kuingia. Wakifika ndani wanageuka kuwa makrofaji, wale walafi wa mwili wenye kazi yao ni kumeza taka. Shida iko hapa: seli ya kawaida ikishiba kolesteroli inafunga mlango. Makrofaji akimeza LDL imeharibika anatumia mlango ingine, yenye haifungwi. Anamanga hadi anajaa matone ya mafuta. Kwa darubini anakaa kama povu, na hilo ndilo jina amepewa, seli povu. Kisha anadanja hapo hapo. Wenzake wanakuja kuzoa maiti yake, na wao pia wanadanja. Miaka ikipita unabaki na uji wa mafuta na seli zimekufa katikati ya ukuta.

Mwili unajaribu kufunika huo uji na kifuniko cha nyuzi ngumu. Kikiwa kinene, unaweza zeeka nacho. Lakini kuna askari wengine, seli T, wenye wanatoa kemikali inazuia mafundi wa hicho kifuniko kukikarabati, huku makrofaji wakitoa vimeng'enya vya kukitafuna. Kikipasuka, damu inagusa uji, inadhani umejikata, inaganda. Dakika chache mshipa wa moyo umefungwa. Na yenye inapasuka mara nyingi si ile kubwa imebana njia. Inaweza kuwa ndogo tu, yenye hujawahi sikia hata ukipanda ngazi.

Si maneno ya wazee pia. Mwaka wa 1953 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu miili ya wanajeshi 300 waliouawa kwa vita ya Korea, wastani wa miaka 22. Zaidi ya 77% tayari walikuwa na dalili za huu ugonjwa kwa mishipa ya moyo. Hiyo ni umri wa mbogi yako.

Ushahidi mzito kuhusu askari ulikuja 2017. Kwa utafiti wa CANTOS, uliokuwa na watu zaidi ya 10,000 wenye walishapata mshtuko wa moyo, wengine walidungwa dawa inaitwa kanakinumabu. Haishushi LDL, inatuliza askari tu. Kwa dozi iliyofanya vizuri, mishtuko, stroki na vifo vya moyo kwa jumla vilipungua kama 15%. Lakini maambukizi ya kuua yaliongezeka, ju ukilaza askari, mwizi anaingia. Ndio maana statini, dawa za kushusha LDL, bado ndizo za kwanza.

Na wembamba? Takriban mtu 1 kwa kila 250 huzaliwa na jeni inafanya LDL iwe juu, hata akule sukuma kila siku. Huwezi jua bila kupima mafuta ya damu. Na kifua ikibana, uchungu ushuke mkono ama upande taya, na jasho baridi, wachana na dawa ya tumbo. Enda emajensi saa hiyo hiyo.

Mtoto wa anko ako 24, mwembamba kama babake. Tulimpeleka kupimwa mwezi jana. LDL iko juu, ameanza dawa. Fegi bado tunabishana.