Baraka kabla ya watalii

Kwenye karatasi, Baraka, hapa Fizi kando ya Ziwa Tanganyika, mashariki mwa Kongo, imekamilika. Ilipewa hadhi ya mji kwa amri ya serikali ya mwaka 2013, sambamba na Uvira na Kamituga. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu mamlaka zilizogatuliwa inaitambulia baraza la mji, na madiwani wa komini ndio wanaopaswa kuwachagua wajumbe wake. Lakini uchaguzi wa madiwani wa komini wa Desemba 2023 ulifanyika katika miji mikuu ya majimbo tu, na Baraka si mji mkuu wa jimbo. Meya huteuliwa. Basi anayesema baraza la mji lipange urejelezaji wa taka na utalii wa urithi aulizwe kwanza: wajumbe gani watakaa mezani, na nani atawadai hesabu mradi ukikwama?

Tuanze na taka, maana mtalii anaweza kusubiri lakini kipindupindu hakisubiri. Ukanda huu wa ziwa, kuanzia Uvira kushuka hadi Fizi, unaishi na ugonjwa huo mwaka baada ya mwaka.

Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kinshasa ilitoa amri ya kupiga marufuku utengenezaji, uingizaji, uuzaji na utumiaji wa mifuko na vifungashio vya plastiki. Rwanda ilikuwa imetangulia tangu 2008, Kenya Agosti 2017, na Tanzania ikafuata Juni 2019. Tofauti ni kwamba ukivuka mpaka wa Rwanda na mfuko mkononi unanyang'anywa. Huku kwetu, ukinunua chumvi sokoni unafungiwa kwenye sashe, yaani kifuko cha plastiki, tena askari anayepita hapo naye anafungiwa yake. Simlaumu mama muuzaji. Amri ilimkataza mfuko bila kumwambia chumvi aifungie wapi.

Sasa itazame chupa ya maji ya plastiki. Msafiri akishaimaliza na kuiacha, mtoto anaiokota, inaoshwa, inauzwa, inajazwa mafuta ya mawese. Ikishachoka na mawese inahamia kwa kadafi, yule muuza petroli wa kando ya barabara. Chupa hufanya kazi mpaka ipasuke. Alumini nayo, kuanzia sufuria iliyotoboka hadi kipande cha injini, huyeyushwa na mafundi na kurudi jikoni ikiwa sufuria nyingine. Urejelezaji basi upo, una bei yake na wenyewe, na haukusubiri andiko la mradi.

Kisichokuwa na mnunuzi ni sashe. Nyepesi, chafu, haina uzito wa kupimwa kwenye mizani wala nguvu ya kubeba kitu mara ya pili. Ndiyo inayoziba mifereji mvua zikianza, ndiyo inayochomwa uani moshi ukaingia chumbani kwa mtoto, ndiyo inayochanganyika na ndagala walioanikwa mchangani. Mradi ukija na kituo cha kununua chupa utapiga picha nzuri, lakini utakuwa umeingilia biashara ya akina mama na watoto waliokwisha kuifanya, na sashe zitabaki palepale.

Bukavu waliliona tatizo hili kwa njia ya giza. Plastiki za Ziwa Kivu husukumwa na maji hadi bwawa la Ruzizi, hunasa kwenye mitambo, na umeme hukatika. Taa zikizimika hata mwenye gari la kifahari anaanza kuzungumzia taka. Karakana ya Plastycor hukohuko Bukavu hugeuza plastiki kuwa vyungu vya maua na stuli, kazi ya kusifiwa, ingawa karakana moja haiwezi kulimaliza ziwa. Baraka haina mtambo wa kulalamika. Wanaolalamika ni wagonjwa.

Na nguvu kazi ipo. Salongo, ile kazi ya pamoja tuliyoirithi enzi za Mobutu, bado huwatoa watu na majembe na mafagio. Mfereji unazibuliwa, tope na sashe vinarundikwa kando ya barabara. Halafu? Lori halipo, na hata likitolewa na mfadhili, mfadhili hununua lori, hanunui mazutu ya kila wiki. Mvua ya kwanza inarudisha rundo mferejini. Katiba ya 2006, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki majimboni, na sheria inayataka majimbo nayo yagawie mamlaka za chini. Katiba ingetekelezwa, mazutu yasingekuwa mjadala.

Upande wa urithi, Fizi ni tajiri kuliko inavyojitangaza. Aprili 1965 boti ilivuka kutoka Kigoma ikawashusha Kibamba Wacuba wachache waliojipa majina ya Kiswahili: Moja, Mbili, Tatu. Tatu alikuwa Che Guevara. Alikaa miezi saba kwenye milima hii akitaka kuifanya shule ya mapinduzi ya Afrika, akaondoka Novemba huku mamluki wa Mike Hoare wakiwa wameshaiteka Baraka. Moja ya manung'uniko yake makubwa ni kwamba wakubwa wa uasi aliokuja kuusaidia walipenda kukaa Kigoma na Dar es Salaam kuliko mstari wa mbele. Nikiisoma historia hiyo, naona mradi uliobuniwa mbali ukasimamiwa kutoka ng'ambo, na huo haukuwa wa mwisho kutufikia. Laurent-Désiré Kabila, mmoja wa wakubwa hao, hakuacha, akaanzisha chama cha PRP mwaka 1967, na miaka thelathini baadaye akawa rais wa nchi.

Ng'ambo ya ziwa, Ujiji ina makumbusho ya Livingstone, na Tanzania imeiweka njia ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwenye orodha yake ya awali ya UNESCO tangu 2006. Njia hiyo haikuishia Ujiji. Misafara ilivuka maji ikaendelea hadi Kabambare, Nyangwe na Kasongo, na Kiswahili tunachokisema huku kilipita humo.

Vinyago vya alunga vya Babembe na sanamu za mababu za Babuyu vimo katika makumbusho ya Ulaya, Tervuren ikiwamo. Kabla ya kudai virudi ili vioneshwe, waulizwe wazee. Alunga haikuwa ya kutazamwa na kila mpita njia. Makobola nayo, ambako mamia ya raia waliuawa mwishoni mwa Desemba 1998 na kuamkia Januari 1999, isiwekwe kabisa kwenye kijitabu cha vivutio. Ni ya familia zao.

Hifadhi ya Itombwe inatufundisha namna ya kwenda. Wizara iliitangaza Oktoba 2006 kutoka Kinshasa, vijiji havikushirikishwa, watu wakagoma. Ikabidi kurudi nyuma, kukaa na wenyeji, kuchora ramani kijiji kwa kijiji, na mipaka ikathibitishwa kwa amri ya jimbo mwaka 2016. Miaka kumi kwa kazi ambayo ingeanzia kwa wenyeji.

Mtalii wa kigeni haji sasa. Tangu Bukavu iangukie mikononi mwa waasi Februari 2025, wanaoijaza barabara ya Fizi ni wanaokimbia, si wanaotembea. Lakini mwanafunzi wa sekondari wa Baraka yupo, na kumpeleka Kibamba na mwalimu wake wa historia, njia ikiwa salama, hakuhitaji hoteli wala uwanja wa ndege.

Kwa hiyo ombi langu kwa ofisi ya meya ni dogo. Tengeni kiwanja cha jalala mbali na ziwa na mto Mutambala, kwa hati, kabla bei ya ardhi haijawashinda. Waiteni wauza mawese, wayeyusha alumini na vijana wa salongo, muwasikilize kabla ya kumwandikia mfadhili yeyote. Na wazee wanaokumbuka mwaka 1965 warekodiwe mwaka huu, maana waliokuwa vijana wakati ule sasa wamepita miaka themanini.