Shahada Yenye Deni la Kijiji

Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu wa kujitolea ng'ambo, lilitangulia Uhuru wetu. Rais Kennedy aliliunda Machi 1961, na Uhuru ulipofika Desemba ya mwaka huo, kundi la kwanza la wapima ardhi, wahandisi na wajiolojia lilikuwa limeshawasili Tanganyika. Mwaka 1969 waliondoka, wakarejea 1979. Machi 2020 ugonjwa wa korona ukafanya waondolewe duniani kote kwa mkupuo. Wapo Watanzania wengi wanaomkumbuka angalau mmoja wao: mwalimu wa hisabati au fizikia aliyekaa kijijini miaka miwili, akajifunza Kiswahili na kuchota maji kisima kimoja na majirani.

Kwetu habari za mwalimu huyo huishia siku anapopanda basi kurudi kwao. Mimi ninayefuatilia mambo ya elimu ya juu naona kwamba kinachofuata baada ya hapo kinatuhusu zaidi.

Mwaka 1985 Teachers College, chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, kilianza kuwapokea wa kujitolea waliorudi, kuwasomesha shahada ya uzamili, na wakati huohuo kuwapeleka kufundisha katika shule za jiji hilo. Vyuo vingine vikafuata. Leo mpango huo unaitwa Paul D. Coverdell Fellows, kwa jina la mkurugenzi wa zamani wa shirika hilo ambaye baadaye alikuwa seneta wa Georgia. Utaratibu wake ni huu: chuo humpunguzia mwanafunzi ada, pengine humpa na posho, naye akiwa bado anasoma hufanya kazi katika jamii yenye uhitaji. Anayesomea afya ya jamii atakuwa zahanati, anayesomea mipango miji atakuwa mtaa uliosahauliwa. Fursa hii haiishi muda; hata aliyerudi kwao miaka 20 iliyopita anaweza kuomba.

Naupenda mpango huu, na sababu ni moja. Unamlazimisha msomi awajibike kwa watu walio mbele yake. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya wanafunzi 80 wenye vitabu vitano, akifika darasa la uzamili hazisomi nadharia za elimu kama hadithi. Anauliza: hili lingefanya kazi kule nilikotoka?

Lakini utazame ukiwa umesimama Shinyanga au Geita. Sharti la kutumikia jamii linaishia Marekani. Kijiji kilichomfundisha mtu huyo hakimo katika mkataba. Kilimpa lugha, subira na maswali aliyoyapeleka chuoni, kisha kinatoweka kwenye hesabu. Na jambo hili haliwahusu wa kujitolea peke yao, maana ndivyo elimu nyingi kuhusu Kanda ya Ziwa inavyosafiri. Sungusungu, yaani ulinzi wa jadi wa vijiji, ilipochipuka huku mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Ray Abrahams aliiandikia makala inayosomwa mpaka leo. Ilitoka mwaka 1987 katika jarida la Uingereza, African Affairs. Mtoto wa Kahama anayetaka kujua babu zake walivyopambana na wezi wa ng'ombe lazima alitafute huko, kwa Kiingereza.

Mfano wa pili, zebaki ya machimboni, una uzito zaidi, kwa sababu unagusa uhai. Miaka ya mwanzo ya 2000, Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo ya Viwanda liliendesha mradi wa zebaki katika nchi sita, Tanzania ikiwamo. Wataalamu walifika Rwamagasa, Geita, wakapima damu, mkojo na nywele za watu wa machimboni, wakalinganisha na za wakazi wa Katoro. Wanaochoma dhahabu ndio waliokutwa na zebaki nyingi. Sababu yake inaeleweka: mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikishasagwa kwenye mashine ya karasha na kuoshwa kwenye mwalo wa kuoshea, zebaki hushikana na dhahabu, ikichomwa, zebaki hupaa kama mvuke usioonekana, na mchomaji anauvuta, pamoja na mtoto aliyekaa karibu. Makala ya matokeo ilichapishwa mwaka 2010 katika jarida la kisayansi. Ni kazi nzuri. Ila anayechoma jikoni kwake hawezi kuisoma, wala haikuandikwa kwa ajili yake.

Elimu inaweza kwenda njia nyingine, na mkoa wa Shinyanga wenyewe ni ushahidi. Misitu ilikuwa imefyekwa, kwanza kupambana na mbung'o, kisha kwa pamba na kuni, na uhamishaji wa watu kwenda vijijini wa miaka ya 1970 ukawatenga wafugaji na ngitili zao, yaani malisho yaliyofungwa wakati wa mvua ili yafae kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Wataalamu wake, akiwamo Wendelin Mlenge, waliwauliza wazee miti gani irudishwe, na sheria ndogo zikapitishwa kwenye dagashida, mkutano wa asili wa Wasukuma. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimevuka hekta 300,000. Mlenge na wenzake waliandika vitabu na ripoti pia, lakini maandishi yalifuata kazi. Ndiyo maana nikiulizwa utafiti bora uliopata kufanyika huku ni upi, sichagui wa Ulaya.

Tufanye nini basi? Sehemu ya jibu tayari iko kwenye sheria. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa Sheria Na. 7 ya 1986, humtaka mtafiti wa kigeni apate kibali, awe na mshirika Mtanzania, na awasilishe ripoti yake. Ripoti ikifika Dar es Salaam, sheria imetimizwa. Serikali ya kijiji haina budi kwenda hatua moja mbele: mgeni anapofika na barua yake, mwenyekiti aandike kwenye muhtasari kwamba mgeni huyo atarudi kusoma matokeo kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, na mtendaji abaki na nakala.

Sehemu ya pili inatuhusu sisi wenyewe. Mbogwe, Bukombe na Kishapu wapo wahitimu wa vyuo wanaofundisha kwa kujitolea, wengine kwa posho inayochangwa na wazazi. Hao ndio Peace Corps wetu, na hakuna chuo kinachowahesabia miaka hiyo. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kina tawi Kizumbi, Shinyanga. Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) na chuo cha tiba cha Bugando. Chuo kimoja tu kikikubali kumpunguzia ada ya uzamili kijana aliyefundisha miaka miwili Nyang'hwale, kwa sharti kwamba tasnifu yake ijibu swali lililoulizwa na halmashauri ya wilaya hiyo, mpango umeanza. Maswali yapo tayari: maji ya visima vilivyo chini ya marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu, yana nini ndani yake, wasichana wangapi huacha shule rashi ya dhahabu, yaani mmiminiko wa wachimbaji, inapotokea jirani, na chombo cha kunasa mvuke wa zebaki kinakataliwa kwa sababu ya bei au kwa sababu kinachelewesha kazi.