Tope la Mto Illinois Lina Kazi Mjini Chicago

Njia za meli zikijaa tope, mitambo huletwa kulizoa, kisha watu huuliza likatupwe wapi. Swali hilo limekosewa tangu mwanzo, na mto Illinois wa Marekani unaonyesha kwa nini. Karibu na mji wa Peoria mto huo hutanuka ukawa ziwa, maji yakapunguza mwendo na kuutua mzigo wake: udongo uliosombwa kutoka mashamba ya mahindi na soya na kingo za vijito. Katika karne ya 20 ziwa hilo lilipoteza zaidi ya nusu ya ujazo wake, na nje ya njia ya meli kuna sehemu kubwa ambazo maji hayamfiki mtu mzima kiunoni. Sehemu ya kinacholijaza ni tabaka la juu la baadhi ya ardhi zenye rutuba kubwa kabisa duniani.

Mtafiti John Marlin alishikilia kwamba udongo huo urudishwe kazini. Mwaka 2004 matishari 68 yalibeba zaidi ya tani 100,000 za tope kutoka Peoria hadi Chicago, kwenye kiwanja cha kiwanda cha chuma cha South Works kilichofungwa mwaka 1992. Ardhi ya pale ilikuwa mavi ya chuma, mabaki magumu ya matanuri yaliyomwagwa kwa miongo mingi, na mimea haikupata pa kushika. Tope lilitandazwa juu yake, na nyasi zikaota.

Kati ya kumwaga na kuota kuna kazi ambayo wengi huidharau. Tope likitoka ziwani ni zito na halina hewa. Likianza kukauka hupasuka mabamba, na bamba lililokauka ni gumu kuvunjika mkononi. Hapo mtu hukata tamaa mapema mno. Nyufa hizo ndizo zinazoingiza hewa ndani, mizizi huzifuata, baridi ya Illinois hugandisha unyevu uliomo na kuuyeyusha tena, na mabamba humong’onyoka yakawa chembechembe. Ni kazi ya misimu, na ratiba ya mradi isiyoipa nafasi itaishia kulilaumu tope bure. Jinsi ya kulizoa pia ina uzito: likivutwa kwa pampu hufika na maji mengi, likahitaji mabwawa ya kulichuja, likichotwa kwa ndoo yenye taya hubaki zito, likapakiwa moja kwa moja.

Hofu kubwa ni sumu, na ni hofu ya haki. Risasi, zinki na kadimi hupenda kung’ang’ania chembe laini, na tope ni chembe laini tupu. Jawabu ni kupima kabla ya kuzoa, kwa mabomba yanayochomoa sampuli tabaka kwa tabaka, kwa kuwa tope la miaka ya viwanda vingi si sawa na lililotuama baadaye. Lenye kasoro litengwe, na la bustani ya mboga lipimwe kwa ukali kuliko la uwanja wa nyasi. Tope la Peoria lina chokaa ya kutosha, hivyo halina uchachu, na metali nyingi hubaki zimefungwa. Bahati hiyo haipo kila mahali: tope la mikoko ya pwani yetu lina chumvi, na mara nyingi lina salfa ambayo ikikutana na hewa huzaa asidi. Huko kanuni ya Peoria haiwezi kufuatwa kama ilivyo.

Wapo wasemao heri kuzuia udongo usitoke shambani. Nakubaliana nao kabisa, lakini ulioko ziwani hautapanda tena mlima wenyewe. Na gharama? Tishari hubeba mzigo mzito kwa bei ambayo lori haliwezi. Tena, mji unaojenga bustani bila tope hili hununua udongo uliokwanguliwa kwenye ardhi nyingine, mara nyingi shamba linalogeuzwa mtaa. Bei ya udongo huo na gharama ya kutupa tope ziandikwe kwenye hesabu moja kabla mtu hajasema usafirishaji ni ghali.