Adabu Isihesabiwe Udhaifu

Kijana wa Pwani hulelewa asimkazie macho mkubwa wake wala asimkatize maneno. Akiajiriwa hotelini chini ya meneja aliyelelewa kwingine, heshima ile ile huandikwa kwenye ripoti kuwa hajiamini. Cheo hupewa mwenzake msemaji, naye hurudi nyumbani asijue alipokosea.

Mtaalamu Mholanzi, Geert Hofstede, alipima umbali ambao watu huuona ni sawa baina ya mkubwa na mdogo kazini. Afrika Mashariki ilipata 64, Uholanzi 38. Basi meneja wa huko hungoja apingwe, nasi twangoja tuulizwe. Hapo hapana nia mbaya ya mtu.

Ila kutofahamiana ni jambo moja na kubagua ni jingine. Meneja akishaelezwa, kisha akazidi kuwaruka wavaa hijabu kila nafasi ya mafunzo inapotokea, hilo si suala la desturi tena. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chakataza kubagua kwa dini, kabila, lugha au jinsia; tena chamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kuwa hakubagua. Wengi wetu hatulijui hili la mwisho, nalo ndilo zito.

Kwa hivyo mzazi, mwanao akikuletea malalamiko, usimwambie asubiri tu. Amwendee meneja kwanza, kwa upole aliofunzwa, aombe sababu kwa maandishi. Karatasi hizo azihifadhi na tarehe zake. Afisi ya leba itataka kuziona.